Koleo na Mguu wa Mke Mwenzangu

Mwalimu mkuu hana adabu. Kanikuta nimekaa zangu barazani nachambua nguo za kufua, akanitupia kalamu na karatasi mapajani. "Bibi, tuandikie habari za Koleo, wazazi wapya wakija tuwasomee." Mimi? Mimi niliyejifunza kusoma kichwa kimeshaota mvi, kwa kuchungulia madaftari ya watoto wa jirani? Pale shuleni walimu wamejaa, wana miwani na mishahara. Nikamwambia waandike wao. Akasema, "Wao siku ile walijifungia ofisini. Wewe uliingia." Halafu akaongeza ya kwake, eti niweke maneno mazuri mazuri, upendo, uvumilivu, moyo wa kujitolea.

Anayetaka maneno matamu aende harusini. Niliyoyaona mimi ni kuumana, kupigana na kuvunjana mifupa, na hayo ndiyo nitakayoandika. Magoti yananiuma na kalamu yenyewe inavuja wino. Nisikatizwe.

Koleo ni mwanamke mfupi, mpana mabegani, na jina hilo tulimpa sisi wazazi kwa sababu akishika hajaachia. Kazi yake ni tiba ya viungo. Watoto waliokaza kama mti na waliolegea kama nguo mbichi, yeye anawanyoosha, anawakalisha, anawasimamisha, ili waweze kuingia darasani wakasome na wenzao. Chumba chake kiko mwisho kabisa wa shule ya msingi, ukipita vyoo. Kuna magodoro ya sponji yamevikwa plastiki ya buluu, kuna mpira mkubwa unaonifika kiunoni, kuna mabomba mawili ya maji yamelazwa sambamba ya kushikilia mtu anayejifunza kutembea, na kuna fremu ya mbao yenye mikanda. Asiyeweza kusimama anafungwa humo kifuani, nyongani na magotini, anasimama wima kama askari wa lango. Mgeni akiiona mara ya kwanza anadhani watoto wanateswa.

Mimi nilidhani hivyo. Siku ya kwanza niliingia pale na mke mwenzangu mgongoni. Mke mwenzangu ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pekee. Cheo hicho nilimpa angali mchanga, maana marehemu babu yake alikuwa akimwona yeye tu, mimi nasahaulika na chai yangu. Mama yake aliondoka mapema akaolewa kwingine, na hilo karatasi hii haitoshi kulisema. Mtoto alitoka tumboni kwa shida, akakosa pumzi, ubongo ukaumia. Miguu yake ilikuwa inakaza na kupishana kama mkasi. Maneno anayo machache, lakini machache hayo ni makali.

Basi naingia, nakuta pandikizi la mvulana limemuuma Koleo mkono wa mbele, damu inadondoka kwenye godoro. Mtu mwingine angevuta mkono akapiga ukelele. Yeye hakuvuta. Aliusukuma mkono ndani zaidi ya kile kinywa, taratibu, mpaka mvulana akakosa pa kupumulia akaachama mwenyewe. Akamfuta mate, akaufuta mkono wake kwenye aproni, akaendelea kumkunja goti kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikasema kwa sauti, "Twende zetu, mke mwenzangu. Hapa ni machinjioni."

Koleo hakugeuka hata shingo. "Machinjioni nimekulia, bibi, na hapa sipo. Kaa chini. Zamu yenu inakuja."

Na kweli alikuwa amekulia huko. Nilikuja kuyajua baadaye, kwa sababu benchi la wazazi lina muda mwingi na mimi si mtu wa kukaa kimya. Baba yake alikuwa mchinjaji. Kitinda mimba huyu ndiye aliyekuwa akimshikia mapaja ya ng'ombe yasiteleze wakati mzee anapiga shoka. "Nyonga ya ng'ombe niliijua kabla sijaijua a, e, i, o, u," aliniambia. "Baba alikuwa anavitenganisha viungo, mie nahangaika navyo vikiwa bado vina mwenyewe." Alikuwa na kaka wakorofi, wakimpiga naye akiwapiga, na mmoja wao mpaka leo ana kovu la jiko la mkaa shavuni. Aliposema anataka kusomea tiba ya viungo nyumbani walicheka, wakasema wagonjwa watakwisha. Alisoma. Akafanya kazi hospitali, kwenye wodi ya waliokatwa miguu, akamtandika daktari mmoja kofi kwa sababu ya mahali alipoweka mkono wake, akahamishwa. Ndivyo alivyoletwa kwetu. Kofi la hospitali ndilo lililotupatia mtaalamu. Aliolewa, mume akafa, watoto hakujaaliwa. Hapendi kuulizwa, nami niliuliza mara moja tu.

Zamu yetu ilipofika alimlaza mke mwenzangu chali, akaukamata mguu kwa mikono miwili, mmoja juu ya goti na mmoja kisiginoni. Mguu ukakaza. Mtoto akalia kilio cha kuita majirani. Nikamkwida aproni yule mwanamke, nikamwambia, "Unamuua!"

"Nimevuta?" akaniuliza.

Nikatazama. Kweli alikuwa hajavuta. Alikuwa ameshika tu, kwa uzito wake wote, ametulia, na mguu unatetemeka mikononi mwake kama samaki aliyetoka majini.

"Sivuti, bibi. Mguu ukikaza ndivyo ulivyo, hauna akili, ukiushindania unakaza zaidi. Mimi nausubiri. Ukichoka unalegea wenyewe, nami nakwenda nao hapo ulipofika, sizidishi. Mtoto anayekaza analia kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu. Na wewe mkeo huyu ana hasira za kutosha mtaa mzima."

"Ni mke mwenzangu, si mke wangu."

"Afadhali. Ningekuonea huruma."

Mguu ukalegea. Niliuona kwa macho yangu. Ukaenda chini kidogo, kama unene wa kidole. Mtoto akanyamaza, akamtazama Koleo usoni, akamtemea mate. Koleo akacheka sana.

Kwenye chumba hichohicho, upande wa dirisha, kuna meza ya Vijiko. Huyu ni mwanamume mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza, mwoga wa kila kitu mpaka kuku. Yeye ni wa tiba ya vitendo. Kazi ya Koleo ni mwili mzima, ya Vijiko ni mikono na maisha ya kila siku: kushika kijiko, kufunga kifungo, kuvaa shati, kujisafisha chooni, kushika penseli. Vijiko vyake vimezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli vikawa vinene, mtoto asiyeweza kufumbata aweze kushika. Penseli kazipenyeza kwenye vipande vya kandambili kuukuu. Ana ubao mkubwa uliojaa vifungo, zipu na kamba za viatu, na kila siku ugomvi na Koleo.

"Wewe Vijiko, mtoto hajakaa vizuri unampa penseli. Aandike amelala chali?"

"Na wewe ukishamkalisha akae afanye nini? Awe pambo?"

"Nipe kwanza hicho kijiko unachonisemea nacho, nikichomeke mahali."

"Mbele ya watoto, Koleo!"

"Watoto ndio wamenifundisha."

Lakini ugomvi wao ulikuwa na faida, maana kila mmoja alikuwa anamkimbiza mwenzake. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ametupa sharti lake: atampokea mke mwenzangu siku atakapoweza kukaa kitini asubuhi nzima bila kushikwa na mtu, na kuandika jina lake. Hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Kiti. Watu wengine wanaomba nyumba, mimi niliomba mjukuu wangu akae kwenye kiti darasani. Tulimjaribu siku moja, akaanguka ubavuni juu ya mwenzake wa dawati. Darasa likacheka. Yule mwenzake alipocheka karibu mno, mke mwenzangu alimpiga kichwa puani, damu ikatoka. Tukarudishwa kwenye magodoro ya buluu. Mimi nilijivuna na lile pigo, sisemi uongo, ila kiti tulikuwa tumekikosa.

Koleo akasema ni nyonga. Nyonga ikikubali kukunjika vizuri mtoto atakaa. "Bado kidogo, bibi. Muhula ujao." Vijiko akaanza kutengeneza kiti chake maalum, chenye mkanda kiunoni na kipande cha mbao katikati ya magoti ya kuzuia miguu isipishane.

Sasa nimtaje mwanangu, baba wa mtoto. Wanamwita Cheche. Ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma uani kwetu, na jina halikutoka kwenye kazi tu, lilitoka kwenye hasira zake. Anampenda mwanawe. Anapokuwa amevua ile miwani yake nyeusi humbeba begani akamwonyesha geti alilomaliza. Lakini vijana wa mtaani wana midomo. Walikuwa wakija kuchukua vyuma vyao wanamwona mtoto kwenye mkeka, wanasema, "Cheche, mageti ya watu unanyoosha, mguu wa mwanao umekushinda?" Wanacheka, naye anacheka, halafu usiku hali chakula.

Akaja shuleni mara moja kujionea. Alisimama mlangoni na viatu vyake vya masizi, akamtazama Koleo alivyoushika mguu na kuusubiri. Akakunja uso.

"Dada, mbona huo mguu unaubembeleza?"

"Naushika."

"Chuma ukikibembeleza hakinyooki. Kinakandamizwa, kinapigwa, basi, kazi imekwisha. Wewe unavutana nao mwaka hata mwaka na mshahara unapokea."

Koleo akamjibu bila kuachia. "Mwanao si nondo. Nikuambie jambo, na ulikumbuke: mfupa usiobeba uzito unakuwa laini kama chaki. Usiukandamize mguu huu hata siku moja. Ukikaza, subiri. Huwezi kusubiri, usiuguse."

"Chaki," mwanangu akasema, akatoka anacheka.

Aliporudi nyumbani alikuwa hacheki tena. Akawa anamtazama mtoto namna ile anavyoitazama kazi iliyomshinda. Kuna mteja aliyekuja Jumapili iliyofuata, bwana mmoja mwenye gari, akauliza, "Huyu naye atasoma?" Sikusikia alijibiwa nini. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo.

Nilichosikia ni kilio. Nilikuwa nimekizoea, nikasema Cheche anamnyoosha, mguu unakaza. Halafu kilio kikapanda, kikawa kile ambacho hata mimi sijawahi kukisikia. Kisha kitu kikalia ko! kama ukuni mkavu unaovunjwa gotini. Baada ya hapo kimya. Kile kimya ndicho kilichonifanya nitupe nguo chini.

Nilimkuta amemlaza juu ya benchi lake la kazi, ametandika gunia. Kisigino cha mtoto ameking'ang'ania kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono mwingine kiko juu ya paja, pale alipokuwa amekandamiza kwa uzito wake wote kama anavyokandamiza chuma. Paja lilikuwa limepinda mahali pasipo na kiungo. Mke mwenzangu macho yako wazi, mdomo uko wazi, sauti haitoki.

"Namnyoosha tu, mama," akasema. "Namnyoosha tu."

Nilimpiga na ndoo ya maji, ya bati, ubavuni, mara nyingi. Hakujikinga. Alimkumbatia mtoto pamoja na gunia lake akakimbia naye barabarani, mimi nyuma yake nalia na kutukana.

Hospitali walimfunga plasta kutoka kiunoni mpaka vidoleni. Daktari akauliza imekuwaje. Na hapo ndipo mwanangu, niliyemzaa mimi, aliyenyonya ziwa hili, akatazama sakafu akasema, "Ni yule mwanamke wa shuleni. Alimvuta Ijumaa." Mimi nilikuwa ndani nimeshika kichwa cha mtoto, maneno hayo sikuyasikia. Waliyasikia watu wa foleni. Yakatoka nje kabla yetu, yakafika mtaani kabla ya giza.

Asubuhi muuguzi alinikuta pembeni mwa kitanda akaniambia, "Pole, bibi. Tumesikia mwanao ameenda na watu kumtoa huyo mvunja mifupa." Nikamwambia ashike mkono wa mke mwenzangu na asiuachie mpaka nirudi, la sivyo nitamvunja yeye. Nikatoka mbio. Kiatu kimoja kilibaki barabarani, na mpaka leo sijui nani anakivaa.

Ile korido ya shule ilikuwa imejaa watu. Wauza duka, madereva, vijana walewale wa kucheka. "Mtoeni! Naye avunjwe aone!" Walimu wamejifungia. Niliwapasua watu kwa viwiko. Mmoja nilimng'ata, nami kumbe nilikuwa nimejifunza kitu pale.

Ndani nilikuta hivi. Koleo alikuwa amempandisha mtoto mdogo juu ya mpira mkubwa, kitoto chenye shingo isiyosimama, amekishika kichwa kwa mkono wa kushoto na nyonga kwa wa kulia. Ukimwachia mtoto wa namna hiyo juu ya mpira, anakwenda na kichwa kwenye saruji. Cheche alikuwa ameshaingia na kipande cha nondo. Alikuwa ameshampiga mgongoni. Aproni ilikuwa imechanika na damu inatoka. Na Koleo hakuachia. Alikuwa amemwinamia mtoto, amejifanya paa juu yake, anapokea nondo.

"Geuka!" mwanangu alikuwa anapiga kelele. "Geuka nikuone!"

"Ngoja nimteremshe mtoto," Koleo akasema kwa meno yaliyoumana. "Nimteremshe tu, mshenzi wewe, halafu tutazame nani mchinjaji."

Hakungoja. Nondo ikashuka tena, ikakosa bega, ikaukuta ule mkono wa kushoto uliokuwa umefunika kichwa cha mtoto. Niliisikia ile mifupa. Na mkono ule, umevunjika, vidole vimekwenda ovyo, bado ulibaki pale juu ya kichwa. Kile kichwa hakikuguswa.

Hapo ndipo Vijiko, yule mwoga wa kuku, aliporuka kutoka mezani kwake akamdandia Cheche mgongoni, akamuuma sikio huku analia, "Jamani, jamani, jamani!" Mwanangu akamtikisa akambwaga, akampiga teke la mdomo, jino likaruka. Watoto wote wanalia. Lile pandikizi la mvulana linajipiga ukutani. Aliyefungwa kwenye fremu anajitikisa mpaka fremu inatembea. Na kule mlangoni watu wanashangilia, "Piga! Piga!"

Nilishika kilichokuwa karibu. Kilikuwa ule ubao wa vifungo wa Vijiko. Nikaunyanyua kwa nguvu zilizobaki katika mwili huu nikampiga nao mwanangu kichwani. Vifungo viliruka chumba kizima kama mvua ya mawe. Akayumba, akageuka, akaniona.

"Mama!"

"Usiniite!" Nikawageukia wale wa mlangoni. Nilisema kwa sauti ambayo marehemu mume wangu aliisikia huko aliko. "Sikilizeni, wapumbavu nyie! Mguu ameuvunja huyu! Huyu hapa, wa tumbo langu, Jumapili, juu ya benchi lake la kuchomelea, mimi naanua nguo! Nilisikia ulivyolia! Mwanamke huyu alimwambia asiuguse!"

Mwanangu aliiangusha nondo. Akaketi chini kwenye vifungo, akaweka mikono kichwani, damu inapita katikati ya vidole.

Mtadhani ndipo ilipokwisha. Watu waliokuja kupiga hawapendi kurudi hawajapiga. Kijana mmoja, yule hodari wa kumcheka Cheche na mageti yake, akasema, "Kumbe ni yeye! Muueni!" Wakaingia kama maji. Walimkamata miguu wakaanza kumburuta kwenda nje, na huko nje mtu alikuwa ameshashika tofali. Nilimlalia. Nilikuwa nimempasua kichwa mimi mwenyewe, nikamlalia. Niliona mateke yakija.

Koleo alikuwa amekwishamteremsha yule mtoto kwenye godoro. Akaja. Mkono wa kushoto unaning'inia, wa kulia akamkamata yule kijana koo, chini ya taya, akambana kwenye fremu ya mlango.

"Chumba hiki ni cha nani?" akamuuliza. Kijana anakoroma. "Nakuuliza, ni cha nani?"

"Chako... chako, dada."

"Humu hapigwi mtu na mtu wa barabarani. Huyu ni wangu. Nitamfikisha ninapotaka mimi. Mkimuua, nitamdai nani mkono wangu? Wewe? Utanipa wako?" Akambana zaidi. "Waambie watoke. Mmewatisha watoto."

Wakatoka. Koleo akamvuta mwanangu kwa ukosi, akamsukumia kwenye stoo ya magodoro, akafunga kwa komeo, akakaa mbele ya mlango mpaka polisi walipofika. Ndipo akazimia.

Msinidanganye kwamba alisamehe. Mwalimu mkuu angependa niandike hivyo. Koleo alitoa maelezo yake yote polisi, hakuacha pigo hata moja, na mahakamani alimtazama mwanangu machoni akasema anamchukia. Mwanangu alisema ukweli mwishowe, akafungwa. Mimi nilikaa upande wa Koleo kwenye ukumbi ule, na majirani walioona vibaya waone vibaya.

Mkono wake madaktari waliupasua na kuutia vyuma. Vidole havikukubali kufumba tena. Unafaa kusukuma mlango, kushika haushiki. Mtu ambaye kazi yake nzima ni kushika.

Na mke mwenzangu? Plasta ilipotolewa, mguu ulikuwa mwembamba kama mpini, nyonga imekaza kuliko siku ya kwanza. Vijiko alikuwa amemaliza kile kiti. Kilikaa chumbani kwao kimefunikwa kitambaa, naye mtoto hakuweza kukikalia. Koleo alikuja kwangu na bandeji yake, akakaa kwenye kigoda, akaanza kunifundisha kwa mdomo. "Shika juu ya goti, bibi. Juu! Huko ni tumboni." Alinitukana na mimi nikamtukana. Lakini vidole vyangu navyo vina yabisi, mguu ukikaza unanishinda, unanitoka. Nikaona mtoto anarudi kwenye mkeka kabisa. Nikaona kiti kinakwenda.

Mwanangu alipotoka jela alikuja mlangoni, nikamfungia nje. Alilala barazani kama mbwa, akaamka, akakaa palepale. Koleo akapita akamkuta. Nilikuwa dirishani.

"Nimekuja kuomba radhi, dada," mwanangu akasema, hakuthubutu kuinua uso.

Koleo akamchapa kofi kwa mkono mzima. Lilisikika mpaka kwenye kisima. Akamwongeza la pili. Halafu akasema, "Radhi yako sina pa kuiweka. Umenichukulia mkono. Nataka mikono. Kanawe, ukate na hizo kucha."

Nikafungua mlango, Koleo akamwingiza ndani, akamkalisha miguuni pa mwanawe. Mke mwenzangu alipomwona baba yake aliutoa ule ukelele wa Jumapili. Mwanangu akataka kukimbia. Koleo akamwekea mguu begani, akamkandamiza pale chini.

"Shika. Juu ya goti na kisigino. Usivute. Ukivuta nakuua, sitanii."

Mguu ukakaza. Niliona mabega ya mwanangu yanapanda, niliona anataka kuushinda. "Subiri!" Koleo akambwekea. Akasubiri. Jasho lilimtoka, machozi yakamtoka. Mtoto akainuka kwa kiwiko, akamuuma baba yake kifundo cha mkono, meno yakazama.

"Usimwachie," Koleo akasema. "Una haki ya kuumwa. Ngoja."

Akangoja. Damu inadondoka kwenye shuka langu, naye anangoja. Na mguu ukalegea.

Amengoja hivyo kila alfajiri kabla ya kuwasha mashine yake, hadi hivi leo. Mtoto amemuuma mara nyingi, naye mara moja hivi karibuni amemshika baba yake sikio bila kulivuta, sijui maana yake nini. Muhula huu mke mwenzangu anakaa darasa la kwanza, kwenye kiti cha Vijiko, mkanda kiunoni, kipande cha mbao katikati ya magoti. Mguu mmoja ni mfupi na hautarefuka. Jina lake anaandika kwa herufi kubwa zinazojaza ukurasa, zinashinda zangu. Asubuhi nzima anakaa. Mwenzake wa dawati anakaa mbali kidogo, kwa heshima ya pua yake.

Lakini huyo ni mmoja. Kwenye magodoro ya buluu wamelala wengine, wanakaza, wanasubiri, na pale kuna mwanamke anayejua kila kiungo kinavyopaswa kwenda na ana mkono mmoja. Cheche anaweza asubuhi tu. Vijiko anajitahidi, ila mtoto akimuuma anazimia. Shule imeomba mtaalamu mwingine, wamejibiwa wangoje.

Basi wewe unayesomewa hii, sikukuandikia upate kutikisa kichwa na kusema maskini. Mikono unayo miwili, nimeiona. Kesho asubuhi uje kule mwisho wa shule. Kata kucha, vua pete, vaa nguo usiyoililia, na ukifika sema kwa sauti, "Nimekuja kushika." Nitakuwa nimekaa kwenye benchi natazama nani amekuja na nani hakuja. Usipokuja, njia ya kwako nitaiuliza kwa wanao.